Somo: Ndani ya Alouette III, tuanzie kwenye kiti

Mwaka juzi nilimwonyesha mzee mmoja wa hapa Mikindani modeli yangu ya plastiki ya helikopta ya Alouette III. Mzee huyu alivuka Ruvuma akiwa mtoto, mgongoni kwa mama yake, enzi za vita ya ukombozi wa Msumbiji. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akachungulia kiooni kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Sasa mwenye mzinga alikuwa anakaa wapi?"

Nilikosa jibu. Nje nilikuwa nimehangaika hadi na ribiti za mkia, zile pini ndogo za kuunganishia bati, ila ndani nilibandika viti kama vilivyokuja kwenye boksi, nikapiga rangi nyeusi, nikafunga kioo. Jioni ile ile nikaifumua.

Tangu hapo nafanya kazi ya ndani kwa kanuni moja: kila kitu kilichomo ndani ya helikopta kimewekwa kwa ajili ya mkono, mguu au jicho la mtu fulani. Mjue kwanza huyo mtu na mahali alipokaa. Vipimo vyote hapa ni vya skeli ya 1/48, yaani modeli ni ndogo mara 48 kuliko ndege ya kweli.

Hatua ya 1: Chagua ndege moja, usichague aina

Alouette III ni ya Ufaransa, iliruka mara ya kwanza mwaka 1959, na ilitumiwa na majeshi mengi. India waliitengeneza wenyewe wakaiita Chetak, Romania nao wakaiunda kwao. Ndani hazifanani. Hata za Wareno waliokuwa Msumbiji zilikuwa na kazi mbili tofauti. Zipo zilizobeba askari, kwa kawaida watano na rubani wao. Na zipo zilizofungwa mzinga wa milimita 20, wa aina ya MG 151, uliotoa mdomo mlango wa kushoto. Hizo waliziita helicanhão, yaani helikopta ya mzinga. Ya mzinga ukiiwekea abiria nyuma, umeharibu. Tafuta picha za ndege ile ile ya nchi ile ile, zichapishe, zibandike ukutani mbele yako.

Hatua ya 2: Geuza mwili wa mtu kuwa milimita

Mita moja inakuwa milimita 20.8. Mtu wa mita 1.75 akisimama ni milimita 36 na nusu. Kiti cha upana wa sentimita 45 ni milimita 9 na kidogo. Mkanda wa sentimita 5 ni milimita 1. Andika namba hizi kwenye karatasi uiweke chini ya kioo cha meza.

Pima pia unene. Plastiki ya milimita 1 ni karibu sentimita 5 za kweli, na hakuna bati la ndege lenye unene huo. Kwangua kingo za milango na za migongo ya viti kwa wembe, kwa ndani, hadi jicho lione wembamba. Si lazima upunguze plastiki yote.

Hatua ya 3: Kiti na mikanda

Hapa usiwe na haraka. Pua ya Alouette III ni kioo kitupu hadi miguuni, kwa hiyo kiti cha rubani ndicho kitu cha kwanza mtu anachokiona. Rubani hukaa kulia.

Mikanda naitengeneza kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Bandika kipande juu ya kioo cha meza, kipake rangi ya kaki iliyofifia, kiache kikauke kabisa. Weka rula ya chuma, kata vipande vyembamba vya upana wa milimita 1 kwa wembe mpya. Wembe uliokwisha kutumika unachana. Bizimu, yaani kifungio cha mkanda, nalitoa kwenye waya mwembamba wa shaba wa chaja iliyokufa: zungusha uzi mmoja wa waya kwenye sindano mara moja, kata, kisha ukandamize kwa mgongo wa kijiko uwe bapa. Pitisha mkanda kwa kibano, ukunje ncha.

Baada ya hapo mkanda ulale kwa uzito wake. Kwenye kiti kisicho na mtu mkanda haukai umenyooka kama uliopigwa pasi. Mmoja unaning'inia pembeni, bizimu likiuvuta chini. Mwingine umejikunja juu ya mto pale rubani alipouachia akiteremka. Chovya brashi kwenye maji, lowanisha mkanda, uusukume taratibu na ncha ya sindano mpaka ukae. Kaka yangu anachonga vinyago vya mpingo, naye ndiye aliyenifundisha kuangalia namna nguo inavyoanguka kwenye goti. Mkanda nao ni hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Dashibodi na vya kushika

Dashibodi ya ndege hii haikuenea upana wote. Ni nyembamba, imesimama katikati, ili rubani aone chini. Usitumie nyeusi tupu, kwani kwenye kitu kidogo nyeusi inameza kila kitu. Paka kijivu cheusi, halafu sugua brashi kavu yenye kijivu chepesi juu ya kingo. Saa ya sentimita 8 ni milimita 1.7 tu, hivyo namba hazisomeki. Chora mishale miwili mitatu kwa ncha ya sindano, kisha dondosha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Ikikauka, inang'aa kama kioo cha saa.

Fimbo ya kuongozea ipo kati ya miguu ya rubani. Wenzo wa kupandisha na kushusha ndege upo kushoto kwa kiti chake. Pedeli zipo mbele, na kwenye pua hii zinaonekana hata kutoka nje, usiziruke.

Hatua ya 5: Sakafu

Rangi ya sakafu huchubuka pale buti zinapokanyaga, hasa ukingo wa mlango. Sugua unga wa penseli hapo kwa kidole. Vumbi saga kutoka kwenye chaki nyekundu. Mchanga wa ufukwe wa Shangani hata uliochekechwa haufai: chembe ya nusu milimita ni jiwe la sentimita 2.4.

Hatua ya 6: Kioo

Kamwe usifunge kioo kwa supaglu. Mvuke wake unaganda kwenye plastiki kama ukungu mweupe, na hewa yenye unyevu ya pwani yetu inauzidisha. Desemba moja, mvua zimeanza, niliharibu pua nzima usiku mmoja. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile inayokauka bila rangi, na uache siku nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

*Masasi:* Shikamoo mwalimu. Modeli yangu ina gurudumu la mbele lakini inakalia mkia. Pua ni kioo, uzito nauficha wapi?

Marahaba mdogo wangu. Chini ya sakafu. Nunua chubwi ndogo za mshipi kwa wavuvi, zigonge kwa nyundo ziwe bapa, zibandike mbele ya magurudumu ya nyuma kadiri uwezavyo. Jaribu kwa tepu kabla ya kufunga.

*Lindi mjini:* Kaka, mimi nina helikopta ya Kirusi, Mi-8. Nifuate somo hili hili?

Kanuni ni ile ile, watu ndio tofauti. Mi-8 ina watatu mbele: nahodha hukaa kushoto, msaidizi kulia, na fundi wa ndege katikati yao, nyuma kidogo. Ukimweka nahodha kulia kama kwenye Alouette, umekosea. Chumba cha marubani kwa kawaida ni kile kijani cha bluu cha Warusi. Nyuma, viti vya askari vinakunjwa ukutani.

*Newala:* Kioo changu tayari kina ukungu. Kimekufa?

Hapana. Kama ni upande unaofikika, sugua dawa ya meno nyeupe kwa pamba, miduara midogo, dakika kumi, suuza, rudia. Kama ukungu uko ndani na umeshafunga, kifungue. Najua inauma.

*Mtwara, Chuno:* Dada yenu hapa. Mwalimu, ulimpelekea mzee jibu?

Nilimpelekea, dada. Nilitoa viti vya nyuma, nikaweka mzinga, na mtu wa skeli hiyo hiyo amekaa nyuma ya mzinga akitazama mlango wa kushoto. Upande huo ndio ndege ilikozungukia, ili mzinga usiache kuelekea chini. Mzee aliangalia kimya. Kisha akaweka kidole kwenye mlango, akasema wao watoto waliambiwa wakiisikia walale chini ya mikorosho, wasikimbie. Sasa naandaa ubao wa kuiweka juu yake, na naomba mwenye ujuzi wa kutengeneza majani ya mkorosho kwa skeli hii anifundishe.