Somo: Namna ya kuisoma picha ya zamani ya basi la mjini

Picha nyingi za zamani za mabasi zilipigwa na watu wa aina mbili. Wapo waliopenda mabasi yenyewe: wakasimama ng'ambo ya barabara, wakasubiri watu wapite, wakapata basi zima kuanzia taa za mbele hadi bampa ya nyuma. Wapo pia waliokuwa wanampiga picha mdogo wao au rafiki yao aliyevaa nguo mpya, basi likapita nyuma yake. Picha ya aina ya pili ndiyo tunayoidharau, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye mengi. Basi litakupa mwaka, na waliosimama pembeni watakupa maisha ya siku ile. Ukiiweka mtandaoni na maneno "enzi zile" tu, umeyapoteza yote mawili.

Somo hili ni la mwenye picha moja mkononi na muda wa jioni moja. Andaa lensi ya kukuzia, penseli laini na karatasi.

Hatua ya 1: Anza na karatasi yenyewe

Igeuze picha. Tafuta mhuri wa studio, namba, mwandiko. Kisha angalia ukingo wa mbele, kwa sababu maabara nyingi zilichapa mwezi na mwaka kwenye mpaka mweupe. Tarehe hiyo ni ya kusafishwa kwa picha. Filamu iliweza kukaa ndani ya kamera miezi mingi kabla haijaisha, kwa hiyo picha ilipigwa kabla ya tarehe hiyo, wakati mwingine kabla sana.

Umbo nalo linasema. Picha ndogo ya mraba mara nyingi ilitoka kwenye kamera za Instamatic, ambazo Kodak walizitoa mwaka 1963. Karatasi inayoteleza kama plastiki ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu kila mahali imepoteza rangi yake ya samawati, ugonjwa wa kawaida wa picha zilizosafishwa miaka ya 1970. Picha ya nyeusi na nyeupe inayong'aa kama kioo kwenye sehemu za giza ina fedha iliyopanda juu ya karatasi, na hiyo ni dalili ya umri na unyevu.

Kumbuka jambo moja: karatasi inaeleza umri wa karatasi. Negativu (filamu ambayo picha ya karatasi hutolewa kutoka kwake) ya mwaka 1950 inaweza kusafishwa upya mwaka 1985, ukapata karatasi changa yenye picha ya zamani.

Hatua ya 2: Iskani kabla hujaichokonoa

Picha ya kawaida ya mkononi, skani kwa pikseli 600 kwa inchi. Negativu ya milimita 35 ina upana wa milimita 24 kwa 36 tu, kwa hiyo anzia 2400. Hifadhi nakala kuu kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na usiiguse tena. Usafishaji wa mikwaruzo ufanyie kwenye nakala nyingine, maana mkwaruzo unaoufuta waweza kuwa waya wa umeme juu ya barabara, na waya huo ndio ungekupa mwaka.

Hatua ya 3: Hakikisha picha haijapinduliwa

Negativu ikiwekwa kinyume, kushoto kunakuwa kulia. Soma maandishi yoyote: tangazo, namba ya gari, jina la duka. Yakisomeka vizuri, endelea. Kama hakuna maandishi, angalia vifungo vya mashati, kisha mlango wa basi na usukani.

Mlango ni ushahidi mzito, kwa sababu abiria hushukia upande wa njia ya miguu. Mlango ukiwa kushoto, magari yanapita kushoto. Na zipo nchi zilizobadilisha upande kwa siku moja inayojulikana. Uswidi ilihamia kulia tarehe 3 Septemba 1967, na maelfu ya mabasi yalibidi yakatwe milango upya upande wa pili. Nigeria ilihamia kulia Aprili 1972, Ghana Agosti 1974. Okinawa, kisiwa cha Japani, ilikwenda kinyume chao: ilihamia kushoto tarehe 30 Julai 1978. Kwa hiyo picha ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, yenye basi linalopita kushoto, kama haijapinduliwa, haiwezi kuwa ya 1968. Ni nadra picha kukupa mpaka ulio wazi hivyo, na ukiupata uandike mara moja.

Hatua ya 4: Liulize basi umri wake

Kanuni ni hii: kitu kipya kuliko vyote ndani ya picha ndicho kinachofunga mwaka wa chini. Vitu vya zamani havifungi kitu, kwa sababu watu huendelea kuvitumia. Koti la mwaka 1940 linavaliwa 1955. Basi la mwaka 1973 halikosi barabarani hata 1993.

Chukua London. Basi la ghorofa la Routemaster, lile lenye ukumbi wazi nyuma anaposimama kondakta, lilianza kubeba abiria mwaka 1956, likaendelea kuundwa hadi 1968, likaondolewa kwenye njia za kawaida Desemba 2005. Ukiliona peke yake una miaka hamsini mkononi, na hiyo haitoshi. Lakini tazama nyuma yake. Kama lipo basi la umeme linalovuta nguvu kwenye nyaya za juu, na lina abiria, picha ni ya kabla au ya tarehe 8 Mei 1962, siku mabasi hayo yalipofanya kazi kwa mara ya mwisho London. Na kwa kuwa Routemaster hazikuwa nyingi barabarani hadi mwaka 1959, zikionekana mbili au tatu kwa pamoja umebakiwa na miaka mitatu hivi. Kitu kimoja kimekupa sakafu, kingine kimekupa dari.

Fanya hivyo kwa mji wowote. Paris ilikuwa na mabasi yenye ukumbi wazi nyuma ambayo yaliondoka barabarani mwaka 1971. Ikarus 280 ya Hungaria, basi refu lenye kiungo katikati kinachokunjika kama kinanda cha mkono, ilianza kuundwa mwaka 1973 na zaidi ya 60,000 zikasambaa duniani. Ukikiona kiungo hicho na umbo lile la mraba, usihangaike na miaka ya 1960.

Kisha soma kibao cha njia, namba ya basi ubavuni, namba ya gari, na tangazo. Tangazo la filamu ni zawadi kubwa, maana tarehe ya filamu kuonyeshwa huwa imeandikwa mahali.

Kuhusu rangi, kuwa mwangalifu. Filamu nyingi za awali za nyeusi na nyeupe hazikuhisi mwanga mwekundu. Basi jekundu lilitoka karibu jeusi, na anga la bluu likatoka jeupe tupu. Mtu anayesema "basi hili lilikuwa jeusi" kwa kuangalia picha ya namna hiyo anakisia.

Hatua ya 5: Sasa waangalie watu

Hapa ndipo wengi huishia njiani, wakishapata mwaka. Mimi nakuomba ukae hapa muda mrefu kuliko hatua zote nne zilizopita.

Igawe picha katika visanduku, ukuze kimoja kimoja, uandike unachokiona bila kueleza maana yake. Nani amekaa, nani amesimama? Nani anaingilia mlango upi? Mikono imeshika nini: mzigo, mtoto, gazeti, chenji ya nauli? Kondakta amening'iniza mfuko au mashine ya tiketi? Viatu vikoje? Kuna foleni, au watu wamerundikana? Vivuli ni vifupi au virefu? Vivuli virefu na foleni ndefu ni dalili ya saa za kwenda kazini au kurudi.

Mwaka 1955 Robert Frank alipiga picha ya tramu, gari la abiria la reli za mjini, ikipita New Orleans, Marekani. Madirisha yapo katika mstari mmoja, na kila dirisha lina mtu. Ukisoma kuanzia mbele kwenda nyuma unawakuta Wazungu kwanza, watoto katikati, na Waamerika Weusi nyuma. Haihitaji maelezo. Sheria nzima ya ubaguzi imekaa kwenye viti, na imekaa hivyo kwa sababu siku ile ilikuwa siku ya kawaida.

Mfano wa pili unatufundisha tahadhari. Ipo picha maarufu ya Rosa Parks, mwanamke Mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti cha basi, akiwa ndani ya basi Montgomery, Marekani, anatazama nje ya dirisha, na nyuma yake amekaa mwanamume Mzungu. Wengi huiweka wakisema ndiyo siku aliyokataa kuacha kiti. Siku ile ilikuwa 1 Desemba 1955. Picha ilipigwa tarehe 21 Desemba 1956, baada ya mgomo wa siku 381 wa watu Weusi kutopanda mabasi kwisha na mabasi kuwa ya wote, na yule mwanamume alikuwa mwandishi wa habari, Nicholas Chriss. Picha ni ya kweli. Maneno yanayowekwa chini yake ndiyo yanayopotosha.

Uliza pia nani hayupo. Mwaka 1838 Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya Boulevard du Temple, mtaa wa Paris uliokuwa na pilikapilika. Inaonekana kama mtaa umehamwa, kwa sababu kamera ilihitaji dakika kadhaa na kila kilichotembea kilifutika. Aliyebaki ni mtu aliyetulia akisafishiwa kiatu. Karne moja baadaye kamera zilikuwa za haraka, lakini mpigaji aliendelea kuchagua. Mji wenye picha za mabasi mapya tu yamepangwa mstari haukuwa na mabasi mapya tu.

Hatua ya 6: Andika

Nyuma ya picha tumia penseli laini, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya. Maelezo marefu yaweke kwenye karatasi au faili lenye namba ileile ya picha, na uyatenge mafungu matatu: kinachoonekana, ninachokisia na kwa nini, nilichoambiwa na nani ameniambia. Mwaka ukiwa haujakamilika andika "kati ya 1959 na 1962". Ni bora kuliko "1960" ya kubuni.

Ukidhani penseli ni jambo dogo, fikiria basi lenyewe alilopanda Rosa Parks. Liliundwa mwaka 1948 na likastaafu, likaishia shambani. Lilitambuliwa kwa sababu mfanyakazi wa kampuni ya mabasi alikuwa amebandika vipande vya magazeti kwenye daftari, na kando ya habari ya kukamatwa kwake akaandika kwa mkono namba 2857. Leo basi hilo liko katika jumba la makumbusho la Henry Ford, Dearborn.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo mwalimu. Mama anasema picha yake kituoni ni ya 1965, lakini basi lililo nyuma yake lilianza kuundwa 1970. Nimwambie amekosea?*

Marahaba. Usianze na kumsahihisha. Muulize alikuwa anakwenda wapi, amevaa nguo ya nani, nani alishika kamera, alikuwa ameshaolewa au bado. Watu hukumbuka tukio vizuri na mwaka vibaya. Mara nyingi utagundua anachanganya safari mbili, na utapata habari za safari zote mbili. Kisha andika kauli yake kama alivyoitoa, na ushahidi wa basi chini yake. Usifute chochote kati ya hivyo.

*Programu za kutia rangi picha zinafaa? Nimejaribu, basi limetoka la bluu, limependeza sana.*

Linapendeza, lakini bluu hiyo imekisiwa na mashine. Weka ya rangi kando ya ya asili, na andika wazi kuwa rangi imeongezwa. Usiisambaze peke yake, maana baada ya miaka michache mtu ataileta kama ushahidi kwamba mabasi ya mji wenu yalikuwa ya bluu.

*Negativu zangu zinanuka siki na zimeanza kujikunja. Nizioshe?*

Hapana, usizioshe. Filamu ya asetati ndiyo inayooza hivyo, na mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Zitenge leo, ziweke kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu na pa baridi, uziskani kabla ya picha nyingine zote. Kama unazo filamu za kabla ya miaka ya 1950, usiziweke penye joto, na ulizia kwanza kwa wahifadhi wa nyaraka, kwani baadhi zilitengenezwa kwa naitreti, kemikali inayoshika moto kwa urahisi.

*Picha zimegandia kwenye albamu ile ya kurasa zenye gundi na plastiki juu. Navuta zinachanika.*

Acha kuvuta. Skani au piga picha ukurasa mzima ulivyo, plastiki ikiwa imefunuliwa. Halafu jaribu uzi mwembamba wa kusafishia meno, upitishe taratibu kati ya picha na karatasi kama unakata. Iliyokataa iache hapo hapo. Zilizotoka zisirudi kwenye albamu hizo; tumia mifuko ya plastiki ya poliesta au polipropilini, na epuka plastiki ya PVC.

*Nimenunua picha za mabasi kwenye mnada. Ni zangu, naweza kuzichapisha?*

Karatasi ni yako. Haki ya kunakili kwa kawaida ni ya aliyepiga, na katika nchi nyingi inadumu hadi miaka 50 au 70 baada ya kifo chake. Angalia sheria ya nchi yako, tafuta mhuri nyuma, na ukichapisha taja kila unachokijua kuhusu mpigaji.

*Na wale watu waliotokea kwenye picha bila kujua?*

Barabarani, picha za miaka mingi iliyopita, mimi nazichapisha. Naacha zile zinazomwonyesha mtu katika hali ya kumdhalilisha: amelewa, anapigwa, amelala chini. Na mtu akijitokeza akasema yule ni baba yangu, naomba iondolewe, naiondoa siku hiyohiyo. Ila kabla hajaondoka namwomba aniambie baba yake alikuwa anapanda basi la kwenda wapi.