Kuisoma Seoul kwa miguu: mji wa Keijo kutoka Gwanghwamun hadi stesheni

Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Miaka hiyo Seoul iliitwa Keijo kwa Kijapani na Gyeongseong kwa Kikorea. Anayeutafuta mji huo kwa kuhesabu majengo ya zamani hurudi na picha tano au sita na haelewi alichokiona, kwa sababu uliodumu zaidi ni mpangilio: nini kilijengwa mbele ya nini, nani alikaa upande gani wa kijito, mtaa gani ulivuliwa jina na ukapewa lipi. Matembezi haya yanaufuata mpangilio huo kutoka kaskazini kwenda kusini. Yatakula siku nzima au karibu yake, kwa mwendo wa pole.

Nenda Jumatano, Alhamisi au Ijumaa. Kasri la Gyeongbokgung hufungwa Jumanne, na makumbusho ya fedha ya Benki ya Korea hufungwa Jumatatu. Jumamosi barabara ya Gwanghwamun huwa na maandamano mara kwa mara na njia hubanwa. Kwenye simu weka Naver Map au KakaoMap, maana ramani za Google hazikuelekezi vizuri kwa miguu ndani ya Korea. Majina ya mahali yaandike kwa Hangul, herufi za Kikorea, kama unaweza, kwa sababu tahajia za herufi za Kilatini hutofautiana na utapelekwa kusiko.

Anzia lango la Gwanghwamun asubuhi. Ingia uani na usimame kabla ya kukata tiketi (won 3,000), ukitazama lango la pili, Heungnyemun. Hapo lilipo lango hilo na ua wa nyuma yake ndipo lilipokaa jengo la Gavana Mkuu wa Japani, la mawe na kuba, lililojengwa kati ya 1916 na 1926. Lilikaa mbele kabisa ya ukumbi wa kiti cha enzi, hivyo aliyekuwa barabarani hakuuona tena. Lango la Gwanghwamun lenyewe lilihamishiwa upande wa mashariki wa kasri. Baada ya uhuru Wakorea walilitumia jengo hilo kwa shughuli za serikali, na tangu 1986 likawa Makumbusho ya Taifa. Ubomoaji ulianza tarehe 15 Agosti 1995, kwa kuking'oa kilele cha kuba. Heungnyemun ilirudishwa 2001, na Gwanghwamun ya mbao ikarudi mahali pake 2010. Kwa hiyo lango unaloliona la kale huenda ni dogo kwako kwa umri. Kilele cha kuba kipo Cheonan, kwenye Jumba la Uhuru, kimewekwa ndani ya shimo ili watu wakitazame kwa kuinamisha macho. Hiyo ni safari ya siku nyingine, lakini usiikose.

Utasikia kwamba jengo hilo, likitazamwa kutoka angani, lilikuwa na umbo la herufi ya kwanza ya neno "Japani" kwa maandishi ya Kijapani, na ukumbi wa jiji umbo la herufi ya pili. Usiirudie hadithi hiyo kama jambo lililothibitishwa. Majengo makubwa ya ofisi ya wakati ule yalijengwa kuzunguka nyua za ndani ili vyumba vipate mwanga na hewa. Dhuluma ya kulipanda jengo lile mbele ya kiti cha enzi inatosha, haihitaji kuongezewa.

Shuka na barabara ya Sejongdaero hadi kijito cha Cheonggyecheon. Hapa ndipo mpaka usioandikwa ulipopita. Kaskazini, Jongno na Bukchon, palikuwa pa Wakorea. Kusini, chini ya mlima Namsan, walijaa Wajapani. Wageni wengi hukosea kwenye safu za hanok, nyumba za jadi za Kikorea, za Bukchon na Ikseon-dong, wakidhani zote ni za karne zilizopita. Nyingi zilijengwa miaka ya 1920 na 1930 na mjenzi Mkorea, Jeong Se-gwon, aliyenunua viwanja vikubwa, akavikata vipande vidogo na kuwauzia Wakorea ili upande wao wa mji usimezwe. Kwa maneno mengine, "nyumba za jadi" hizo ni rika moja na maduka ya Wajapani ng'ambo ya kijito.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kila jengo la mawe lenye sura ya Ulaya ni la Mjapani. Ndani ya kasri la Deoksugung kuna Seokjojeon, mradi wa dola ya Korea yenyewe, uliosanifiwa na Mwingereza na kumalizika 1910. Jengo la zamani la ukumbi wa jiji, mkabala wake, ndilo la ukoloni: 1926, na leo ni maktaba.

Endelea kusini-mashariki hadi Benki ya Korea. Jengo la zamani, la 1912, lilisanifiwa na Tatsuno Kingo, aliyesanifu pia stesheni ya Tokyo. Usiingie kwanza. Tafuta jiwe la msingi chini ya ukuta. Herufi mbili kubwa zilizochongwa ni mwandiko wa Itō Hirobumi, mkuu wa kwanza wa Japani nchini Korea kabla ya unyakuzi, jambo lililothibitishwa rasmi 2020. Pembeni kuna mstari mdogo wa tarehe kwa hesabu ya mfalme wa mwisho wa Korea: mwaka wa 3 wa Yunghui, yaani 1909. Mstari huo ulichongwa baadaye, pale palipofutwa tarehe na jina la awali. Jiwe moja, mikono miwili. Piga magoti uusome kwa karibu. Mwanga wa ubavuni huonyesha michongo vizuri kuliko jua la utosini.

Mkabala na benki, duka kuu la Shinsegae liko katika jengo la Mitsukoshi la 1930. Mtaa mkuu wa Wajapani, Honmachi, ulianzia hapa, na tangu 1946 unaitwa Chungmuro, kwa heshima ya Yi Sun-sin, amiri aliyezipiga meli za Japani miaka ya 1592 hadi 1598. Aliyeuchagua mtaa ule kwa jina lile alijua anachofanya. Vibao vinavyoishia na "ga" yenye namba, kama Chungmuro 2-ga, hufuata mgawanyo wa zamani wa "chōme" za Kijapani. Jina lilibadilika, vipande vya mtaa vikabaki.

Kula katika soko la Namdaemun. Agiza vijiti vya keki ya samaki ndani ya supu: kibao kitasema eomuk, muuzaji huenda akasema odeng. Neno limetoka Kijapani, lakini huko Japani oden ni mchuzi mzima na vyote vilivyomo, hapa ni keki yenyewe. Njia ilipita pande zote mbili. Mayai ya samaki yenye pilipili yanayojulikana kama mentaiko mjini Fukuoka yalitokana na myeongnan ya Korea, na yalianza kuuzwa huko 1949 na Kawahara Toshio, mzaliwa wa Busan. Ukiuliza "ni cha nani?" utapata ubishi, uliza kilipita bandari gani.

Panda Namsan hadi kwenye makumbusho ya wazi ya ukuta wa jiji. Msingi wa zege unaouona karibu na mawe ya ukuta ni wa ukumbi wa ibada wa Chōsen Jingū, hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Japani, lililokamilika 1925, ambako wanafunzi wa Kikorea walilazimishwa kwenda kuinama. Wajapani walilibomoa wenyewe 1945. Lilikaa juu ili lionekane mjini kote, na ukiwa hapo utaelewa kwa nini.

Teremka kupitia Huam-dong, polepole, kwani hapa ndipo zilipo nyumba za Wajapani ambazo watu bado wanaishi. Nyuso za nyumba nyingi zimefunikwa plasta au mabati, kwa hiyo tazama ubavuni: paa lenye mteremko mkali, mbao za ukutani zilizopishana, ghorofa ya pili, na sanduku la mbao kando ya dirisha la kuhifadhia vibao vya kuzuia dhoruba. Hanok huwa ya chini, ina ua katikati na boriti zinazochungulia chini ya ukingo wa paa. Usipige picha kupitia mageti.

Malizia stesheni ya zamani ya 1925, yenye kuba, ambayo sasa ni ukumbi wa sanaa. Kisha shuka kwenye treni ya chini ya ardhi, Laini ya 1. Barabarani magari ya Seoul hushika kulia. Treni mbili za Laini ya 1 zikipishana, kila moja imeshika kushoto, kwa sababu laini hii imeungana na reli ya taifa iliyofuata desturi ya Kijapani. Hamia Laini ya 4, stesheni hiyohiyo, nazo zinashika kulia.