Kirai au kishazi? Jaribu kubadili wakati

Wanafunzi ninaowafundisha Kiingereza hapa Lamu wakiona maneno mengi pamoja hudhani ni kishazi (clause), kumbe huenda ni kirai (phrase). Urefu hauna kazi. Tafuta kiima, yaani anayetajwa au kinachotajwa kuwa mtenda, kisha kitenzi kinachoonyesha wakati. Vikiwapo vyote viwili ni kishazi, kimoja kikikosekana ni kirai.

Chukua "before sunrise" na "before the sun rose". Mafungu yote mawili yanaanza na "before", ila la pili lina "the sun" na "rose". Ni kishazi, japo tegemezi: hakiwezi kusimama peke yake.

Mtego hasa uko kwenye "-ing". "The old dhow sailing slowly to Matondoni" ni refu, lina jahazi na lina safari, na bado ni kirai. Jaribu kulipeleka jana: "sailing" haibadiliki hata kidogo. Sasa tia "was": "The old dhow was sailing slowly to Matondoni." Ukitaka iwe leo unaandika "is". Hicho ni kishazi. Jaribio hili nalipenda kuliko kanuni zote, maana mwanafunzi hulifanya mwenyewe kwa kalamu yake.

Amri kama "Sit down!" nayo ni kishazi. Kiima chake, "you", kimefichwa tu.