Kuomba kumbukumbu ukiwa umeshika kufuli: toa kzalloc nje kwanza

Draiva yangu ya Linux ya kihisi cha USB ilifanya kazi wiki kadhaa kwenye mashine yangu bila tatizo lolote. Ilipohamia kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja yenye RAM ya MB 512, kompyuta hiyo ikaganda siku ileile. Chanzo kilikuwa mstari mmoja: `kzalloc` (funksheni ya kuomba kumbukumbu) yenye bendera `GFP_KERNEL`, katikati ya `spin_lock` na `spin_unlock`, yaani nikiwa nimeshika spinloki, kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka tu bila kulala.

`GFP_KERNEL` maana yake umeiruhusu kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ikulaze, yaani isimamishe msimbo wako kwa muda. Kumbukumbu ikiwa tele, jibu hurudi papo hapo na kosa halionekani. Ikipungua, kerneli hukulaza huku ikitafuta kurasa za kumbukumbu za kuachia, pengine ikiandika diskini kwanza. Ukilala na spinloki mkononi, prosesa nyingine zinabaki kuzunguka zikilisubiri kufuli hilo. Na kazi itakayoshika prosesa yako ikilitaka kufuli lilelile, hakuna atakayeamka tena.

Hatua ya 1: Washa vichunguzi

Kabla hujagusa msimbo, jenga kerneli yenye `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` na `CONFIG_PROVE_LOCKING`. Cha kwanza hupiga kelele hata kama RAM ya bure ni tele, na ndiyo sababu nakipenda. Endesha draiva, kisha tafuta hii kwenye `dmesg` (ujumbe wa kerneli):

```
BUG: sleeping function called from invalid context
```

Shuka na orodha ya miito iliyo chini yake hadi ufike kwenye funksheni yako ya kwanza, lakini usiishie hapo. Mara nyingi kufuli limeshikwa na funksheni iliyo ngazi mbili nyuma, na mwandishi wa hii ya ndani hana habari.

Hatua ya 2: Omba kwanza, shika kufuli baadaye

Wengi hapa hubadilisha `GFP_KERNEL` kuwa `GFP_ATOMIC` na kwenda zao. Nakusihi usianzie huko. Panga upya msimbo:

```c
mpya = kzalloc(sizeof(*mpya), GFP_KERNEL);
if (!mpya)
	return -ENOMEM;

spin_lock_irqsave(&d->kufuli, f);
if (!tafuta(d, id)) {
	mpya->id = id;
	list_add(&mpya->nodi, &d->orodha);
	mpya = NULL;
}
spin_unlock_irqrestore(&d->kufuli, f);

kfree(mpya);
```

Angalia `tafuta` ilipo: ndani ya kufuli. Ukitafuta nje, mwingine anaweza kuingiza rekodi yenye `id` hiyohiyo kabla hujashika kufuli, na orodha itakuwa na mapacha. Kama rekodi ilishakuwepo, `kfree` ya mwisho inarudisha ulichoomba bure. Kama uliitumia, `mpya` ni `NULL` na `kfree` haifanyi kitu.

Hatua ya 3: GFP_ATOMIC pale tu pasipo na njia

Ndani ya kishughulikia katizo (msimbo unaoitwa maunzi yanapoikatiza prosesa) huwezi kulala kabisa, kwa hiyo hapo `GFP_ATOMIC` ni halali. Haingoji, na inaruhusiwa kuchota akiba ya dharura ambayo wengine hawaigusi. Hiyo akiba ni ndogo, na draiva ya kadi ya mtandao inaihitaji kuliko orodha yako ya vipimo. Omba kidogo, na jiandae kunyimwa: ukipata `NULL`, tupa kipimo hicho, ongeza hesabu ya vilivyopotea, endelea.

Tahadhari moja: chini ya `raw_spinlock_t` (spinloki isiyolala kamwe), kwenye kerneli ya PREEMPT_RT (ya kazi za wakati halisi, iliyoingia katika Linux rasmi toleo la 6.12, mwaka 2024), hata `GFP_ATOMIC` hairuhusiwi, kwa kuwa mgawaji wa kumbukumbu wenyewe hutumia makufuli yanayolala. Hapo hatua ya 2 ndiyo pekee.

Hatua ya 4: Myuteksi nayo ina mtego wake

Ukishika myuteksi (kufuli ambalo anayelisubiri hulala) unaruhusiwa kulala. Lakini kama draiva ni ya diski, `GFP_KERNEL` inaweza kuamuru kurasa ziandikwe kwenye diski ileile, na uandishi huo ukahitaji myuteksi uliyoshika. Zungushia sehemu hiyo `memalloc_noio_save()` na `memalloc_noio_restore()`, zinazokataza kuandika diskini ili kupata kumbukumbu. Maombi yote ya ndani yatafuata sharti hilo, hata yaliyo kwenye funksheni za watu wengine.

Hatua ya 5: Inyime makusudi

Washa `CONFIG_FAILSLAB` na `CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS`, ili kerneli inyime makusudi baadhi ya maombi ya kumbukumbu, kisha:

```
cd /sys/kernel/debug/failslab
echo 10 > probability
echo -1 > times
```

Kwa mpangilio wa kawaida hunyimwa maombi yasiyoweza kulala tu, yaani yale ya hatua ya 3. Yakipita salama, andika `N` kwenye `ignore-gfp-wait` ili ya `GFP_KERNEL` nayo yaonje. Iache draiva ikimbie usiku kucha, na asubuhi soma `dmesg` kabla ya kitu kingine chochote.