Kumsema mkubwa hewani bila kuishia kizimbani

Naandaa kipindi cha asubuhi, kile cha magazeti na simu za wasikilizaji. Mtangazaji mpya akija mezani kwangu, humwambia apige mstari katikati ya karatasi: kushoto aandike anachoweza kuthibitisha, kulia anavyoona yeye.

Chukua hii: "Mkurugenzi amekula pesa za dawa." Hapo umemwita mtu mwizi, na utadaiwa ushahidi wa wizi ambao pengine hata polisi hawana. Sasa sikiliza hii: "Ripoti ya mkaguzi inasema dawa zililipiwa. Ghala halina dawa. Mkurugenzi tumempigia, hajajibu. Mimi naona hafai kubaki ofisini." Hii inauma zaidi, na kila sentensi ina pa kusimamia. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Lingens dhidi ya Austria mwaka 1986, ilisema ukweli huthibitishwa lakini maoni hayadaiwi uthibitisho, na kwamba mwanasiasa avumilie kukosolewa kuliko raia wa kawaida. Ila maoni yakielea hewani bila ukweli wowote chini yake, hapo usitegemee huruma. Na ukimpigia mhusika, andika saa uliyopiga, hata asipopokea.

"Inasemekana" haikukingi. Wala "gazeti ndilo lililoandika". Alexander Adonis, mtangazaji wa redio huko Davao, Ufilipino, alifungwa mwaka 2007 kwa kusimulia hewani habari kuhusu mbunge iliyokwisha kutoka magazetini. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikuja kusema kifungo hicho kilikiuka uhuru wa kujieleza, lakini hiyo ilikuwa 2011, na jela alishaionja.

Kinachoninyima usingizi mimi ni simu. Msikilizaji anamwaga tuhuma, mtangazaji anacheka na kuitikia, "Eeeh, kweli kabisa!" Tuhuma imeshakuwa yake. Weka mtambo wa kuchelewesha sauti sekunde chache, kata mapema, kisha sema, "Hilo hatuna uthibitisho nalo," upokee simu nyingine.

Wito wa polisi ukija, usifute chochote. Hifadhi rekodi nzima ya kipindi, maana kipande kinachozunguka kwenye simu za watu mara nyingi kimekatwa kabla ya pale ulipotaja ripoti. Nenda na wakili. Maelezo usiyasaini kabla ya kusoma kila ukurasa, na usirudi hewani kuijadili kesi hata ukichokozwa vipi.

Wakili naye aanze na kifungu: ni kipi, na kingali hai? Ghana iliondoa kosa la jinai la kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, mwaka 2001, Sierra Leone 2020. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, Februari 2017. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua Desemba 2014, katika kesi ya Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso, kwamba kumfunga mtu kwa kashfa ni adhabu iliyopita kiasi, isipokuwa kwa mambo mazito kama kuchochea chuki au ghasia. Wakili akikuta kifungu kimekufa, aangalie pia sheria za makosa ya mtandao. Kipindi kikishapandishwa YouTube, shtaka linaweza kuhamia huko.