Tuichambue 5,882,353 kwa kalamu na karatasi

Namba hii naipenda sana, na sababu utaiona hatua ya 3. Kikokotoo kiweke pembeni kwanza.

Hatua ya 1: vigawo vidogo. Inaishia na 3, kwa hiyo 2 na 5 zimetoka. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 34, basi 3 nayo imetoka. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia inayozimaliza zote kwa mpigo, maana 7 × 11 × 13 = 1,001. Ikate tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa kupokezana: 353 − 882 + 5 = −524. Gawanya 524 kwa 7, kwa 11, kwa 13: kila mara kuna baki. Zote zimetoka.

Hatua ya 2: je, ni tasa? Kipeuo chake cha pili ni 2,425 na ushee, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 360. Usizijaribu zote! Angalia: 17 × 5,882,353 = 100,000,001, yaani 10⁸ + 1. Kila kigawo tasa cha 10⁸ + 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 16. Zinabaki 17, 97, 113, 193, 241 na wenzao wachache. Hakuna inayoigawa. Ni tasa.

Hatua ya 3. Ikate vipande viwili, 588 na 2353, halafu utafute miraba:

588² + 2353² = 345,744 + 5,536,609 = 5,882,353.

Imerudi yenyewe!

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, hiyo si bahati tu?*

Hapana. Tunataka a² + b² = 10,000a + b. Zidisha kwa 4 na upange upya, utapata (10,000 − 2a)² + (2b − 1)² = 100,000,001. Namba hiyo ya kulia ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tu: 10,000² + 1² na 8,824² + 4,705². Ya kwanza haitupi kitu cha maana. Ya pili inatoa a = 588 na b = 2,353.

*Nikigawa 1 kwa 17 napata 0.0588235294... Mbona tarakimu zinafanana?*

Kwa sababu 1/17 ni sawa na 5,882,353/100,000,001, na 100,000,001 inakaribia sana milioni mia.

*Je, ipo nyingine ya aina hii?*

Kwa mkato huu wa kuacha tarakimu nne kulia, ipo moja. Weka 10,000 − 2a = −8,824, utapata a = 9,412, na kweli 9412² + 2353² = 94,122,353. Ila hiyo si tasa. Ipitishe hatua ya 1: 353 − 122 + 94 = 325, ambayo ni 13 × 25.