Kemshafti ya kuongeza nguvu: angalia kazi ya pikipiki kwanza

Kabla hujamtumia hela muuza spea akuletee kemshafti, ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, niambie pikipiki yako inashinda wapi. Hapa Iringa wateja wangu wengi wanapandisha abiria na magunia kutoka Ipogolo hadi mjini, gia ya pili, injini ikizunguka taratibu. Huyo ukimfungia kemshafti ya resi umemharibia riziki. Mlio ataupenda, ila kilimani itamfia.

Kemshafti kali inachelewa kufunga valvu ya kuingiza. Injini ikizunguka sana, hewa ina kasi, inaendelea kujaa hata pistoni ikishaanza kupanda. Ikizunguka polepole kasi hiyo haipo. Pistoni inairudisha hewa kwenye kabureta na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, inashuka.

Kwa hiyo soma digrii kabla ya milimita. Vijana wanakimbilia kimo cha kunyanyua valvu, wakati kinachoamua nguvu ije mapema au ichelewe zaidi ni digrii ambazo valvu inakaa wazi. Uliza pia zimepimwaje: wengine wanahesabu valvu ikianza tu kucheza, wengine ikishanyanyuka milimita 1, na namba zinapishana sana. Kwa bodaboda nachukua inayozidi ya kiwandani kidogo tu. Ikipita digrii 250 kwa kipimo cha milimita 1, waachie wa mashindano.

Halafu usidanganywe na "150 ni 150". Boxer 150 kemshafti yake iko kwenye hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, inavutwa na cheni. Zile za Kichina za mtindo wa Honda CG iko chini ya silinda na inasukuma push rodi, vijiti virefu vinavyopeleka msukumo hadi juu kwenye valvu. Haziingiliani.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, kwenye vikato vya valvu, uupake oili kidogo usinate. Funga hedi na gasketi yake, weka taimingi na nafasi za valvu, kisha zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe. Fungua, kata udongo kwa wembe pale ulipominywa zaidi, upime unene. Mimi sikubali chini ya milimita 1.5 upande wa kuingiza, wala chini ya 2 upande wa kutoa, maana valvu ya moto hurefuka.

Springi nazo: valvu ikiwa imefunguka mwisho, koili zisigusane. Roka, vile vyuma vinavyosukumia valvu, zikiwa zimechimbika usizirudishe, zitaila kemshafti mpya. Kama hela haitoshi vyote, subiri.

Siku ya kuwasha, paka nundu za kemshafti grisi ya molibdeni na uwe na jeti ya kabureta (kitundu cha kupitisha petroli) kubwa kidogo mkononi, huenda petroli ikawa kidogo kwa hewa inayoingia. Ikishika, usiiache sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kuvuta mafuta. Ishikilie juu kidogo, ukipandisha na kushusha, kwa dakika kadhaa oili ifike kwenye nundu. Ikipoa kabisa, rudia kupima nafasi za valvu kwa filagauji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi.